Jinsi ya kusaka nyota adimu za R Coronae Borealis kwenye data za anga: mwongozo kamili

Michoro ya "nyota iliyozimika" ninayotumiwa na wasomaji huwa na ugonjwa mmoja kati ya miwili. Wa kwanza: nyota nyekundu imefifia mwaka 2018 na haijarudi tena. Nyota hiyo haina tatizo lolote. Kamera ndizo zilizobadilishiwa kichujio. Wa pili unauma zaidi: mtu amesafisha data kwa bidii mpaka akalifuta lile shimo la mwanga alilokuwa akilitafuta, yaani kufifia kwenyewe, kisha akaitupa nyota nzuri akidhani haina lolote.

Ndiyo maana nimeandika haya kwa mpangilio, kila hatua na sababu yake. Usiruke hatua. Kazi hii ni ya kupeta: makapi ni mengi, punje ni chache, na anayepeta ovyo humwaga vyote.

## Tunachotafuta

Nyota za aina ya R Coronae Borealis, kwa kifupi RCB, ni nyota badilifu kubwa zenye kaboni nyingi na hidrojeni kidogo sana. Hutema mawingu ya kaboni, kwa lugha ya jikoni masizi. Wingu likitokea upande unaotutazama, nyota huporomoka ndani ya wiki chache, wakati mwingine kwa magnitudo 8 au zaidi. Magnitudo ni kipimo cha mwangaza wa nyota. Kumbuka kwamba namba yake ikipanda, nyota inafifia, na kila magnitudo 2.5 ni mara kumi. Magnitudo 8 ni kama mara 1,600.

Baada ya hapo hurudi taratibu, kwa miezi au miaka, bila ratiba. Zinazojulikana katika Njia Nyeupe ni mia moja na kitu tu.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta ya kawaida yenye Java. Simu itakutosha kuangalia picha, haitakutosha kuchambua.
- Programu ya TOPCAT ya kufanyia kazi majedwali, na VStar ya kuchorea vipimo, iliyotolewa na AAVSO, jumuiya ya waangalizi wa nyota badilifu. Zote ni za bure.
- Akaunti za bure: moja ya seva ya vipimo ya ATLAS, mtandao wa darubini zinazokagua anga, nyingine ya AAVSO. Ya hazina ya Gaia, satelaiti ya Ulaya ya kupima nyota, si lazima, ila inakuhifadhia maswali yako.
- Bando la wastani. Faili la vipimo vya nyota moja huwa la kilobaiti mia kadhaa. Kinachokula bando ni picha.
- Jedwali lako mwenyewe la washukiwa: namba ya Gaia, RA na Dec (anwani ya nyota angani; Dec, yaani deklinasheni, ni kama latitudo), ulichokiona, na safuwima ya mwisho yenye kichwa "sababu ya kukataa". Hiyo safuwima ndiyo itakayokufundisha kuliko zote.

## Hatua ya 1: Zoesha jicho

Kabla ya kutafuta usiyoijua, tazama zinazojulikana. Fungua Sky Patrol, tovuti ya vipimo vya mtandao wa kamera za anga wa ASAS-SN, uombe vipimo vya ES Aquilae na Z Ursae Minoris. Zote mbili ni RCB, na zikiwa angavu huwa karibu na magnitudo 11, mahali ambapo kamera za ASAS-SN bado zinapima, ingawa ni ukingoni.

Usianze na R Coronae Borealis yenyewe. Inapokuwa angavu hufika magnitudo 6, na kamera za ASAS-SN huanza kujaa mwanga kupita kiasi kwenye magnitudo 10 au 11. Utakachoona kitakuwa vurugu ya nukta, na vurugu hiyo utaidhania ni tabia ya nyota.

Tazama mteremko unavyokuwa mkali na mpando unavyokuwa wa kujivuta. Tazama pia utulivu wa juu: hata nyota ikiwa haijazama, huchezacheza kwa sehemu chache za kumi za magnitudo, kwa mizunguko ya siku 40 hadi 100 hivi.

Umefaulu ukiweza kuchora umbo hilo kwa kalamu bila kuangalia.

## Hatua ya 2: Vuta orodha kutoka Gaia

Gaia DR3 iliyotoka Juni 2022 ina takribani vyanzo bilioni 1.8. Tunahitaji chembe yake tu. Chagua kipande kidogo cha anga. RCB ni nyota za kale na nyingi ziko kuelekea kitovu cha Njia Nyeupe, ila katikati kabisa nyota zimebanana mno. Anza pembeni kidogo, kwa kuweka swali hili kwenye hazina ya Gaia:

```
SELECT g.source_id, g.ra, g.dec, g.phot_g_mean_mag,
       g.bp_rp, g.parallax, g.parallax_error, g.ruwe,
       v.range_mag_g_fov, v.skewness_mag_g_fov
FROM gaiadr3.gaia_source AS g
JOIN gaiadr3.vari_summary AS v
  ON g.source_id = v.source_id
WHERE g.l BETWEEN 20 AND 30
  AND g.b BETWEEN -10 AND -4
  AND v.range_mag_g_fov > 2
  AND v.skewness_mag_g_fov > 0
  AND v.num_selected_g_fov > 20
```

Masharti matatu ya mwisho ndiyo yanayofanya kazi. La kwanza linataka nyota iliyobadilika kwa zaidi ya magnitudo 2. La pili linataka nyota inayokaa angavu muda mwingi na kufifia mara moja moja. Nyota inayokaa hafifu na kulipuka mara moja moja huwa na namba hasi hapo, kwa hiyo inabaki nje. La tatu linakataa zilizopimwa mara chache mno.

Tahadhari. DR3 ina vipimo vya miezi 34 tu, Julai 2014 hadi Mei 2017. RCB ambayo haikuzama kipindi hicho haitakuja kwenye orodha hii kamwe. Ukitaka kuzifuata na hizo, fanya utafutaji wa pili usio na masharti ya kubadilika, utegemee vumbi peke yake kama ilivyo katika hatua inayofuata. Orodha itakuwa ndefu zaidi na chafu zaidi.

## Hatua ya 3: Uliza vumbi

Masizi yaliyopashwa moto na nyota hung'aa katika infraredi. Nyota isiyo na vumbi huwa na tofauti karibu na sifuri kati ya bendi za satelaiti ya WISE, yaani W1 kutoa W2 ni kama 0, na W2 kutoa W3 ni kama 0. RCB haiwi hivyo hata siku ambayo kwa macho inaonekana haina neno, kwa sababu vumbi la miaka iliyopita bado linaizunguka pande zote.

Ingiza orodha kwenye TOPCAT, tumia huduma ya kulinganisha majedwali ya CDS, kituo cha data za nyota, chagua AllWISE, katalogi ya WISE, nusu kipenyo sekunde 2 za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii). Kisha bakiza zenye W1−W2 zaidi ya 0.5 na W2−W3 zaidi ya 0.75. Hivi ni vichujio vilegevu kwa makusudi. Ni afadhali ubebe makapi hatua moja zaidi kuliko kutupa punje mapema.

Tahadhari. Chanzo angavu kuliko takribani magnitudo 8 katika W1, au 7 katika W2, kimejaza kamera. Rangi yake usiitegemee sana. Weka alama pembeni, usiikatae.

## Hatua ya 4: Je, inajulikana?

Hapa ndipo wengi huona uvivu, halafu wanakuja kuwaamsha wenzao usiku wa manane kwa "ugunduzi" ulio kwenye kitabu tangu zamani.

Tafuta kila mshukiwa katika VSX, faharasa ya kimataifa ya nyota badilifu inayosimamiwa na AAVSO. Tumia nusu kipenyo cha sekunde 30 za tao, si 2. Sababu ni kwamba baadhi ya nyota ziliingizwa kwa kutumia kamera za pikseli kubwa au ramani za zamani, na anwani zao zimepotoka kidogo. Kisha pita SIMBAD, hifadhidata ya nyota, halafu VizieR, maktaba ya katalogi.

Ukiikuta, usifunge faili bado. Soma aina iliyoandikwa. Zimo nyota nyingi zilizopewa aina za jumla kama L, VAR au MISC, na nyingine zilizoitwa SR (zenye mzunguko usio kamili) na kompyuta iliyolazimika kuchagua chochote. VSX inapokea masahihisho, na kuirekebishia nyota aina yake ni kazi halali kabisa. Kwa kweli kwa anayeanza leo, naona hapo ndipo penye mavuno mazuri zaidi kuliko kuhangaikia nyota isiyo na jina popote.

Umefaulu kila mshukiwa akiwa na neno moja kati ya haya: mpya, inajulikana sawasawa, inajulikana vibaya.

## Hatua ya 5: Tazama picha ya anga

Fungua Aladin Lite, atlasi ya anga ya mtandaoni, weka anwani, chagua picha za Pan-STARRS kama iko kaskazini ya deklinasheni −30. Angalia duara la sekunde 20 za tao kuzunguka nyota yako.

Pikseli moja ya ASAS-SN ina upana wa sekunde 8 za tao, na nyota moja hutandaa juu ya pikseli kadhaa. Kwa hiyo jirani aliye umbali wa sekunde 10 anaingia kwenye kipimo kile kile. Hilo lina matokeo mawili. Badiliko unaloliona linaweza kuwa la jirani. Au nyota yako imezama kweli, lakini mchoro unagoma kushuka chini ya kiwango fulani na kutandika sakafu tambarare, kwa kuwa kilichobaki kupimwa ni mwanga wa jirani. Sakafu tambarare ikikutokea, nenda kwenye data za ZTF, kamera nyingine ya kukagua anga, ambazo pikseli yake ni sekunde 1 tu ya tao.

## Hatua ya 6: Kusanya vipimo kutoka zaidi ya sehemu moja

Chanzo kimoja hakitoshi kamwe. Kamera inaweza kusema uongo, ila kamera mbili zilizo mabara tofauti hazipatani uongo.

ASAS-SN inapima anga lote, kuanzia takribani magnitudo 11 hadi 17 au 18. Ina vituo Hawaii, Chile, Texas na Sutherland huko Afrika Kusini.

ATLAS inafika karibu magnitudo 19.5, nayo pia ina kituo Sutherland, pamoja na Hawaii na Chile. Unapoomba vipimo, chagua vile vya picha zilizosawazishwa, si vya picha za tofauti. Vya tofauti vimetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyotokea ghafla, na vinaonyesha mwanga ulioongezeka au kupungua kulinganisha na picha ya rejea. Anayeanza hupotea humo.

ZTF iko Palomar, California, inafika karibu magnitudo 20.5, lakini haioni kusini ya deklinasheni −30 hivi, na vyanzo angavu kuliko 12.5 au 13 vinaijaza kamera. Nyota moja hupewa namba tofauti kwa kila kichujio na kila eneo la picha, kwa hiyo kusanya namba zote kabla ya kuchora.

Sawazisha tarehe. Wanaastronomia huhesabu siku mfululizo kwa namba iitwayo JD. ATLAS hutoa MJD, ASAS-SN hutoa HJD, ambazo ni namna zake mbili. Ongeza 2400000.5 kwenye MJD ili upate JD. Tofauti ya dakika chache inayobaki haina maana kwa nyota inayobadilika kwa wiki.

## Hatua ya 7: Safisha bila kufuta ushahidi

Sasa tumefika kwenye ile hatua inayowaangusha wengi.

Fungua faili la CSV la ASAS-SN usome mistari michache kwa macho yako. Mstari wa kawaida utakuwa na magnitudo kama 12.431 na kosa la kipimo kama 0.02. Mbele kidogo utakutana na mstari ulioandikwa ">17.2", na kwenye safuwima ya kosa 99.99. Huo haujaharibika. Unasema hivi: usiku ule kamera ilitazama, anga lilikuwa zuri kiasi cha kuona hadi 17.2, na nyota haikuwepo.

Msomaji anayefuata kanuni ya jumla ya "futa kila kipimo chenye kosa zaidi ya 0.1" anafuta mistari hiyo yote. Mchoro wake unabaki na nukta za juu tu, nyota tulivu, na pengo dogo analodhani ni msimu ambao jua lilikuwa karibu. Kumbe pengo ndilo habari yenyewe.

Fanya hivi badala yake:

1. Tenganisha faili mara mbili: vipimo halisi, na vikomo vyenye alama ya ">".
2. Kwenye vipimo halisi, kataa vyenye kosa zaidi ya 0.2. Kwa ZTF, bakiza vyenye catflags, safuwima ya alama za ubora, sawa na 0.
3. Kwenye vikomo, bakiza vile vya kina tu. Kikomo cha ">13.0" kwa nyota ya magnitudo 12.4 ni mawingu au mbalamwezi, hakikuambii kitu. Kikomo cha ">16.5" kwa nyota hiyo hiyo ni kelele ya mbiu.
4. Chora vyote pamoja, vikomo kwa alama ya mshale unaoelekea chini.
5. Tenganisha vichujio kwa rangi. ASAS-SN ilitumia kichujio cha V hadi 2018, kisha ikahamia kichujio cha g. Nyota nyekundu huonekana hafifu zaidi katika g, pengine kwa magnitudo nzima au zaidi. Ukiviunganisha umejitengenezea mporomoko wa 2018.
6. Tenganisha kamera pia. Safuwima ya kamera ina herufi mbili kama ba au be. Mporomoko unaoonekana kwa kamera moja peke yake, siku zile zile ambazo nyingine zinaona nyota iko juu, si wa nyota.

Umefaulu ukiona kuzama kule kule, tarehe zile zile, kwenye angalau vyanzo viwili.

## Hatua ya 8: Soma umbo, na uwafahamu matapeli

Ziko nyota za aina nyingine zinazojifanya RCB, na kila aina ina kasoro inayoiumbua.

Nyota za kupatwa, ambapo moja hupita mbele ya mwenzake, hushuka na kupanda kwa ulinganifu, na hurudia. Ukiona mashimo mawili yanayofanana, pima umbali kati yao, kisha utabiri la tatu.

Mira, majitu mekundu yanayovimba na kunywea, hupanda na kushuka kwa mawimbi laini ya siku 100 hadi 1,000. Ukiendesha uchambuzi wa vipindi kwenye VStar, zitajitaja mara moja. Ila jihadhari na vipindi vya siku 1, siku 29.5 na mwaka mmoja. Hivyo ni vya dunia, mwezi na jua, si vya nyota.

Nyota changa zenye vumbi hushuka ghafla pia. Rudi kwenye picha: ikiwa imelala ndani au kando ya wingu jeusi la gesi na vumbi, kuna uwezekano mkubwa ni mtoto.

Vibete vyeupe vinavyonyonya gesi ya mwenzao navyo vina kundi linalozimika kwa miezi. Hivyo ni vya bluu, na masizi havina.

Tapeli mgumu kuliko wote ni Mira ya kaboni iliyojifunika vumbi. Ina rangi ya infraredi ile ile, inazama kwa vumbi lile lile. Tofauti iko juu ya mchoro, pale nyota inapokuwa angavu: Mira ya kaboni itaendelea na mawimbi makubwa ya siku 200 na zaidi hata ikiwa imezama nusu, wakati RCB ina mtikisiko mdogo wa siku 40 hadi 100. Ukishindwa kuamua, andika hivyo hivyo kwenye jedwali. Kulazimisha jibu hapa ndiko kunakoharibia watu jina kwa wasimamizi wa VSX.

## Hatua ya 9: Pima kama mwangaza halisi unafaa

RCB ni nyota jitu kuu. Magnitudo yake halisi, M, yaani mwangaza ukiondoa athari ya umbali, katika V huwa kati ya −3 na −5 hivi. Tumia G, magnitudo ya Gaia, na paralaksi, yaani pembe ya kupimia umbali, kwa elfu za sekunde ya tao:

M = G + 5 × log10 ya paralaksi − 10

Weka G ya nyota ikiwa juu, si wastani, kwa kuwa wastani umeshavutwa chini na kuzama. Mfano: G ya 12 na paralaksi ya 2.0 inatoa M ya 3.5. Hiyo si jitu, kataa. G ya 12 na paralaksi ya 0.1 inatoa −3, na vumbi lililo njiani kati yetu na nyota likihesabiwa, itakuwa angavu zaidi ya hapo. Hiyo inabaki.

Tahadhari. Kosa la paralaksi likikaribia paralaksi yenyewe, au ruwe, kipimo cha Gaia cha ubora wa hesabu ya mahali, ikizidi 1.4, hesabu hii haina hukumu. Nyota nyingi za mbali zitaangukia hapa, na haina ubaya. Endelea na ushahidi mwingine.

## Hatua ya 10: Peleka VSX

Uthibitisho wa mwisho wa RCB ni spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake: mikanda ya molekuli za kaboni, na mistari ya hidrojeni iliyo hafifu au haipo kabisa. Huna spektra? Bado unaweza kuwasilisha. Andika aina kama RCB: pamoja na nukta mbili mwishoni, alama ambayo katika VSX inamaanisha "haijathibitishwa".

Jaza hivi:

- Anwani ya J2000 (mfumo wa kawaida wa RA na Dec) kutoka katalogi ya kisasa, si kutoka ASAS-SN.
- Kiwango cha juu na cha chini katika kichujio kimoja, kwa mfano 12.3 – <18.0 g. Alama ya < inasema chini haijapimwa, ilivuka kikomo. Kuchanganya juu ya V na chini ya g ni njia ya haraka ya kurudishiwa fomu.
- Mchoro wenye vikomo, vichujio kwa rangi, na mihimili iliyoandikwa. Magnitudo ndogo iwe juu.
- Maelezo mafupi: tarehe za kuzama, rangi za WISE, na vyanzo vya data vyote kwa majina.

Wasimamizi ni binadamu wanaosoma kila fomu. Wakikurudishia, watakuambia kinachokosekana. Rekebisha hicho walichotaja, utume tena fomu ile ile. Usifungue mpya, maana kumbukumbu ya mazungumzo itapotea.

Ikishaingia, iweke nyota kwenye ratiba yako ya kuomba vipimo vya ATLAS kila mwezi. Ikianza kupanda kutoka shimoni, waandikie wenye spektrografu mara ifikapo mwangaza ambao vyombo vyao vinaumudu, ukiwapa anwani, mwangaza wa wiki hiyo na mchoro. Tarehe ya kipimo cha mwisho iwe kwenye kichwa cha ujumbe, ili wajue upesi kama bado inafaa kuelekezea darubini.